Kovu Juu ya Sifuri

Bibi Marcelina alikataa chai, akakataa maandazi, akakataa hata kuegemea ukuta. Alikaa wima kwenye benchi la kaunta, kitenge kimefungwa vizuri, rozari mkononi, macho mlangoni.

"Yuko hivyo tangu jana jioni," Koplo Emilian alinong'ona. "Nimembembeleza mpaka nimechoka. Ana swali moja tu, Afande. Anauliza atarudishiwa lini medali ya mumewe."

Inspekta Jeska Masolwa alikuwa ndio kwanza anarudi kutoka Bukene, ambako alikuwa akifuatilia ng'ombe walioibwa, na vumbi la Nzega lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Aliweka begi chini.

"Nawe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni kielelezo."

"Hodari! Bibi mwenye umri wa kumzaa mama yako amekesha kwenye benchi la mbao, nawe unamwambia ni kielelezo. Akakuelewa?"

Emilian alitazama viatu vyake, lakini hakuumia sana. Kituo kizima kilijua kwamba Jeska akikusema hajakasirika. Hasira yake ilikuwa ya kimya, na siku aliponyamaza ndipo watu walipokumbuka ghafla kwamba wana kazi mtaani.

"Nipe jalada," alisema. "Na hivyo vitu vyenyewe."

Vilikuwa kwenye mfuko mdogo wa plastiki: vipande vitatu vya mviringo, vya shaba ya njano iliyopiga weusi. Upande mmoja wa kila kipande ulikuwa na namba ishirini, iliyofunikwa na weusi lakini ya kusomeka. Upande wa pili ulikwanguliwa, ukachorwa msalaba kwa kitu chenye ncha. Kila kimoja kilitobolewa karibu na ukingo, isipokuwa tundu la kimojawapo lilikuwa limekula chuma mpaka nje, likabaki pengo. Kipande hicho hakingeweza tena kushika uzi.

Jeska alifungua jalada, akasoma, akainua uso.

"Koplo, hiki ni nini? Umeandika 'sarafu', ukafuta. Ukaandika 'vipande vya kazi', ukafuta. Ukaandika 'medali', ukaweka alama ya kuuliza. Hakimu atasoma alama ya kuuliza?"

"Hapo ndipo kesi yenyewe ilipo, Afande. Zikiwa sarafu, ni zile za Mzee Plasidi zilizoibwa wiki iliyopita, na bibi ana la kujibu. Zikiwa medali, bibi anasema kweli. Mimi mwenyewe nilidhani ni vipande vya reli. Babu yangu alikuwa nacho kimoja, kina tundu hivi hivi, anakivaa kazini."

"Cha babu yako kilikuwa na namba yake?"

"Kilikuwa nayo. Mia nne na kitu."

"Na mwenzake alikuwa na namba gani?"

"Nyingine."

"Sasa hivi vyote vina ishirini. Vibarua watatu wote waitwe ishirini, msimamizi atajuaje nani kaja na nani kalala? Kipande cha kazi ni cha kumtambua mtu. Futa hilo. Tumebakiza mawili."

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mzee Plasidi, mfanyabiashara mstaafu wa pale mjini, alikuwa na kabati la kioo sebuleni kwake lenye vitu vya njia ya misafara: shanga, vikuku, kufuli za zamani, na heller tatu za shaba, zile fedha za Mjerumani zilizopigwa hapa hapa Tabora wakati wa vita kuu ya kwanza. Wiki iliyopita mbili zilitoweka. Jana mchana sonara mmoja wa sokoni alipiga simu kituoni kwamba kuna bibi ameleta heller tatu, anataka moja itobolewe upya. Emilian akaenda, akamkuta bibi, akamleta. Mzee Plasidi akaitwa, akatazama mara moja tu, akapiga kelele kwamba mojawapo ni yake kabisa, anaijua kwa kovu.

Jeska alikwenda kwenye benchi, akachuchumaa ili asimtazame bibi kwa juu.

"Mwangaluka, mayu," alisema kwa Kinyamwezi cha kwao Puge.

Uso wa bibi ukafunguka kidogo. "Mwangaluka."

"Itabidi tuongee Kiswahili, bibi, huyu koplo aandike. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Wakubwa wako juu. Mimi ndiye ninayesumbuliwa."

Bibi Marcelina alicheka kwa pumzi moja, kisha akaacha. "Basi nami nikusumbue. Mume wangu yuko Goweko, anaondoka. Padri alishakuja, akampaka mafuta. Amekubali kila kitu, Ambrosi, hana ubishi. Anachotaka ni medali yake tu. Kwetu hatufi shingo tupu."

"Kwa nini ilitoka shingoni?"

"Ilianguka. Tundu limekwisha. Ameivaa tangu utoto, na kabla yake ameivaa baba yake. Uzi umekula, umekula, mpaka siku hiyo nasikia kitu kimelia sakafuni. Nikasema niende mjini kwa sonara aitoboe upande wa pili. Nikachukua na yangu, nikachukua na ya marehemu binti yetu Veridiana, maana matundu yake nayo yanaelekea huko huko. Mtu hapandi gari la Tabora kila siku."

"Mbona ni pesa ya Mjerumani, bibi? Medali gani ina ishirini?"

Aliuliza kwa upole, lakini aliuliza, maana huruma haifungi jalada. Bibi hakutetereka.

"Ilikuwa pesa. Babu yake Ambrosi alikuwa katekista. Enzi hizo mtu akianza kusoma dini hapewi ubatizo upesi. Anapewa kwanza medali, aivae, watu wajue huyu ameshika njia. Ndipo vita ikaja. Medali zilikuwa zinatoka Ulaya, zikakatika. Watu wanasoma, wanahitimu, hakuna cha kuwavika! Babu akachukua heller mpya, akazisaga upande wenye taji la Mjerumani kwenye jiwe, akachora msalaba kwa msumari, akatoboa. Padri alipoziona alicheka kwanza. Halafu akazibariki."

"Sisi Wamoravian hatuna medali," Jeska alisema. "Nifundishe. Mkishaivaa, mnaifanyia nini?"

"Tunaibusu. Kila jioni baada ya sala. Unasema amina, unaibusu, unalala."

Jeska alichukua mfuko, akauinua dirishani. Kwenye ukingo wa kipande kimojawapo aliona vishimo vidogo vinavyofuatana, ambavyo hakuvielewa.

"Na hivi?"

Bibi alivitazama muda mrefu. "Ni vya Veridiana," alisema. "Meno. Alivikwa akiwa mchanga, alipokuwa anaota meno. Akilia, anaitia mdomoni. Baba yake anamwambia, mwanangu, unamla Mungu kabla ya komunyo ya kwanza."

Emilian aliacha kuandika. Jeska akamwashiria aendelee.

"Bibi, hili la meno usilirudie kwa mtu yeyote mpaka nikuruhusu. Hata mumeo usimgusie kwenye simu."

"Simu ipi, mwanangu? Koplo ameichukua."

Jeska akamgeukia Emilian, akanyamaza. Simu ya bibi ilitoka kwenye droo ya kaunta haraka sana.

Mzee Plasidi, aliyeitwa tena, aliingia muda mfupi baadaye akiwa na koti, tai, miwani, na kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni kwa mnyororo. Jeska alimwamkia, akampa kiti upande wa pili wa meza. Bibi Marcelina aliombwa akae pale pale, kwenye kona ya chumba, asikie.

"Mzee wangu, nielezee sarafu zako kama mtu asiyejua kitu."

"Unadhani nilizinunua? Hapana!" mzee alianza, tayari kwa vita. "Aliniachia baba. Tatu. Kila Jumapili tangu mke wangu afariki nazitoa, nazisugua kwa majivu na ndimu, nazirudisha. Nikae na nani? Watoto wako Dar. Wewe unaona ni shaba, binti yangu. Mimi ndio wenzangu hao."

"Naelewa, mzee."

"Mwizi amechukua mbili, moja ameiacha. Hii hapa." Akatoa mfukoni heller inayong'aa, haina tundu, taji lake linaonekana. "Na hii ndiyo picha ya mojawapo ya zilizoibwa. Tazama sifuri."

Kwenye simu yake, picha ilikuwa safi. Sifuri ya ishirini ilikatwa na mstari mwembamba uliokwenda kutoka juu kushoto hadi ukingoni, mfano wa kovu la kisu.

"Sasa tazama hiyo ya pengo," mzee alisema. "Kovu lile lile, mahali pale pale! Mwizi ameikwangua taji nisiitambue, akaitoboa. Lakini kovu hakuliona."

Jeska aliomba kioo cha kukuzia, akainama juu ya medali ya Ambrosi. Kovu lilikuwepo. Lilianza pale pale, likapita sifuri, likafika ukingoni. Lilifanana mno, na kwenye kona bibi alikuwa ameacha kuhesabu rozari.

Aliiweka chini. Akachukua ya Marcelina. Sifuri ilikuwa nzima. Akachukua ya Veridiana, ile yenye meno, akaigeuza kwenye mwanga, akainama, akainama zaidi.

"Mzee Plasidi, zako zilizoibwa, zenye kovu ni ngapi?"

"Moja. Nyingine haina."

"Una hakika?"

"Nakuambia kila Jumapili nazisugua!"

"Basi chukua kioo chako, utazame hii niliyoshika."

Mzee alitazama. Akafuta kioo kwa tai, akatazama tena. Nje pikipiki ilipita ikapiga honi.

"Nayo ina kovu," alisema kwa sauti iliyopungua.

"Lile lile?"

"Lile lile. Mahali pale pale."

"Moja ikiwa ni yako, hii nyingine imetoka wapi na jeraha hilo hilo? Kisu hakikati mara mbili mahali pamoja namna hiyo. Wewe ndiye mjuzi wa mambo haya, mzee. Niambie pesa inapigwaje."

Mzee Plasidi alifumba macho. Alikuwa ameshafika kwenye jibu kabla yake, ilionekana. "Inapigwa kwa muhuri wa chuma," alisema polepole. "Muhuri ukipasuka, kila sarafu inayotoka hapo inatoka na ufa. Vita ilikuwa vita, hawakuwa na muda wa kubadilisha mihuri. Mia, elfu... zote zitakuwa na kovu hilo."

"Kwa hiyo kovu linatuambia nini?"

"Linatuambia zimezaliwa pamoja. Halituambii ni ya nani."

"Asante. Tuendelee. Unasema mwizi ameitoboa wiki hii. Tundu lililotobolewa wiki hii likoje?"

"Duara. Lina makali."

"Haya ya bibi na ya bintiye?"

Akatazama. "Yamevutika kwenda juu. Umbo la yai."

"Na la mumewe, anayekata roho Goweko, limekwisha kabisa. Uzi wa pamba unachukua muda gani kumaliza shaba, mzee? Na hapo palipokwanguliwa mbona hapang'ai?"

Mzee akainamia tena kioo chake. Jeska hakumkandamiza. Alikuwa na swali moja tu lililobaki, na alijua ndilo lingemaliza ubishi kwa mtu anayependa vitu vya kale kwelikweli.

"Sarafu iliyotembea sana sokoni inachakaa wapi?"

"Pande zote mbili. Kwenye kingo, na popote palipoinuka. Mikono, mifuko, meza za dukani."

"Hizi?"

Safari hii alichukua muda. Alizigeuza zote tatu, moja baada ya nyingine. "Ajabu," alinong'ona. "Upande wa namba haujachakaa hata kidogo. Ni upande wa msalaba. Na si kingoni, ni katikati, palipo na msalaba. Pamelainika kama sabuni iliyotumika."

"Kitu gani kinachakaza upande mmoja tu, katikati tu?"

"Sijui, binti yangu."

"Bibi," Jeska aligeuka. "Tuonyeshe unavyomaliza sala ya jioni."

Akampa medali yake mwenyewe. Bibi Marcelina aliona haya kidogo mbele ya mwanamume mgeni. Kisha akafanya ishara ya msalaba, akasema amina kwa sauti ya chini, akainua medali mpaka midomoni. Akaibusu. Halafu kidole gumba chake kikapita katikati ya msalaba, mara moja, kama mama anayefuta uso wa mtoto. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Mkono ulikwenda wenyewe.

Mzee Plasidi alivua miwani yake, akaiweka mezani.

"Nimemkeshesha mama wa watu kwenye benchi," alisema. "Na mumewe anakata roho. Dada, nisamehe. Nilikuwa nimeibiwa, nikaona yangu kila mahali."

"Nimekusamehe, kaka," bibi alisema. "Lakini nataka kwenda nyumbani."

Emilian, bila kuambiwa, alichukua kalamu akafuta alama ya kuuliza.

Kumbe sheria haifuti upesi hivyo. Jeska alimpigia mkuu wa kituo, aliyekuwa kwenye kikao, akamweleza. Mkuu alimsikiliza vizuri, hilo lazima lisemwe. Mlalamikaji aandike kwamba si zake, alisema, naye atasaini zirudishwe kesho akiwa ofisini. Bibi aachiwe sasa hivi. Ila kielelezo, mpaka saini ipatikane, kisitoke chini ya ulinzi wa polisi.

"Kesho itakuwa tumechelewa, Afande. Basi naomba niende nazo Goweko, mwenye mali azitambue. Nami nitakuwa na kielelezo muda wote."

"Kwa mafuta gani, Jeska? Gari la kituo limekauka."

Jeska alimtazama Mzee Plasidi, ambaye tayari alikuwa amesimama na funguo mkononi.

"Mafuta ya mlalamikaji, Afande."

Mkuu alikohoa kitu kilichokaribia kuwa kicheko. "Nenda. Lakini nisisikie kielelezo kimebaki huko nawe umerudi."

Pikapu ya Mzee Plasidi ilikuwa ya zamani na aliiendesha kwa heshima, lakini siku hiyo aliisahau heshima hiyo kwenye mashimo yote ya njia ya Goweko. Bibi alikaa katikati, Jeska dirishani, mfuko wa plastiki ndani ya mfuko wa shati lake. Njiani Jeska aliuliza swali moja la kazi: kabati la kioo lilivunjwa? Halikuvunjwa, mzee alisema, lilifunguliwa kwa ufunguo. Alipolisema akalisikia mwenyewe, akakaza usukani. Jeska akaliacha hapo. Heller mbili zilikuwa bado zimeibwa, na kuna mtu aliyeufikia ufunguo ule angekuja kuulizwa, lakini si leo.

Ilikuwa msimu wa kukausha tumbaku, na harufu yake tamu iliwapokea kabla ya nyumba kuonekana. Majirani walikuwa wamekaa uani, nao walipoona sare ya polisi walisimama. Bibi Marcelina aliwapita na salamu fupi, akaingia ndani moja kwa moja.

Mzee Ambrosi alilala chali kwenye kitanda cha kamba, macho meupe kwa mtoto wa jicho, mikono mikubwa ya mkulima imetulia juu ya blanketi. Pumzi yake ilikuja, ikasita, ikaja tena.

"Marcelina?"

"Ni mimi."

"Umekawia."

"Nilikamatwa na polisi."

"Wewe? Uliiba nini?"

"Medali yako."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na bibi akamwinua kichwa, akamfuta kinywa, akicheka na kulia pamoja. Jeska alisubiri mlangoni. Alijisikia vibaya kwa anachokwenda kufanya, lakini alikifanya, kwa sababu kesho mkuu asingesaini machozi.

"Shikamoo, babu. Mimi ni Jeska, wa polisi. Nina jambo dogo. Nitakupa vitu vinne mkononi, kimoja kimoja. Uniambie kila kimoja ni cha nani. Bibi, nawe tafadhali usiseme kitu."

"Gwaride la utambulisho," mzee alisema. "Nilikuwa mgambo, najua. Lete."

Mzee Plasidi, shahidi, alisimama miguuni pa kitanda, koti amelivua. Jeska alianza na heller ya Plasidi, ile aliyoiacha mwizi. Kidole gumba cha Ambrosi kilitafuta, kikazunguka, kikarudi.

"Hii haina mtu. Hii ni pesa. Haijabusiwa."

Mzee Plasidi aliinamisha kichwa.

Ya pili. Gumba likatulia mara moja. "Ya mke wangu. Msalaba wake babu aliuchora ukapinda, tunamtania Marcelina kila siku."

Ya tatu. Hapo alikawia. Kidole kilipita ukingoni, kwenye vile vishimo, kikavihesabu, kikavipita tena.

"Mbona mmenipa na hii," alisema, na sauti yake ikabadilika. "Hii ya Veridiana. Meno yake haya. Nilimwambia, mwanangu, unamla Mungu kabla ya komunyo ya kwanza."

Maneno yale yale. Jeska alikuwa amesikiliza ushahidi mwingi maishani mwake, wa kweli na wa kupikwa, na mara nyingi ilimbidi kupima. Huu haukuhitaji mizani. Alitaka kuandika saa na jina la shahidi, akakuta hawezi kuona vizuri, akafuta macho kwa kitambaa.

"Na hii, babu?"

Hakuhitaji gumba. Ilipogusa kiganja tu, mkono wote ulijifunga.

"Imekwisha tundu," alisema. "Niliisikia ikianguka."

Bibi alikwenda uani, akarudi na uzi wa kufungia majani ya tumbaku, ule wa katani laini. Medali haikuweza kutungwa, kwa hiyo aliifunga kama mtu anavyofunga kifurushi, uzi ukaipita kwa juu na kwa ubavu, akafanya mafundo, akampitishia mumewe kichwani. Alimwekea msalaba ukitazama juu. Mzee alipumua pumzi ndefu, ya mtu aliyevua viatu vilivyombana.

"Nasikia kielelezo kinarudi kituoni," bibi alimwambia Jeska kwa sauti ya chini. "Sitaki ugombane na wakubwa zako kwa ajili yetu."

"Kinatakiwa kiwe chini ya ulinzi wangu, bibi. Nami niko hapa." Akavuta kigoda, akaketi karibu na mto.

Wakakaa hivyo alasiri nzima. Majirani waliingia na kutoka. Walisali rozari, na Jeska, ambaye hakuijua vizuri, alisubiri Baba Yetu akaingia nao hapo kwa sauti yote. Mzee Plasidi aliketi sakafuni kwenye mkeka, miguu imenyooka, akijibu Salamu Maria kama mtu aliyeisahau tangu mkewe alipofariki na sasa imemrudia. Ambrosi aliomba maji mara moja. Mara moja aliuliza kama bani la kukaushia tumbaku lina moto wa kutosha, akaambiwa linao.

Jua lilipoanza kupungua dirishani, Ambrosi aliinua mkono. Haukufika. Marcelina akaelewa, akaiinua medali kwa vidole viwili, akaipeleka midomoni mwa mumewe. Aliibusu. Bibi akaishusha kifuani, akapitisha gumba lake kwenye msalaba kwa niaba yake, na pumzi iliyofuata ikachelewa, wakaingoja, ikawa haikuja.

Hakuna aliyelia mara moja. Bibi alimfumba macho, akamnyoosha kola ya shati. Aliweka kiganja juu ya medali, akakaa nacho hapo kwa muda, kisha akakiondoa na kumgeukia Jeska, uso umelowa lakini sauti imesimama.

"Haya, mwanangu. Ichukue sasa. Umetutendea wema, usije ukapata shida."

Jeska alishafungua mfuko wa plastiki bibi alipoanza kumwambia hayo. Alikuwa nao magotini, mdomo wazi, kazi ilivyomtaka. Alimtazama mzee. Uzi wa tumbaku ulikuwa umekaa vizuri shingoni, na msalaba ulitazama juu.

Aliufunga mfuko, akaurudisha mfukoni.

"Bado anaitumia, bibi," alisema. Akakisogeza kigoda chake karibu zaidi na kitanda, akaendelea kukaa.